Mkate wa ngano iliyoota: umesifiwa kama dawa, utamu umesahauliwa

Ukifuatilia mjadala kuhusu mkate wa nafaka zilizooteshwa utadhani watu wanabishana kuhusu dawa. Upande mmoja unasema mkate huu hushusha sukari, huongeza damu, na hata wale wasiopatana na ngano wanaweza kuula bila wasiwasi. Upande wa pili unajibu kwamba ni mkate kama mikate mingine, ila umepandishwa bei kwa maneno. Katika kelele zote hizo ni nadra kumsikia mtu akiuliza lile swali tunaloulizana mezani kila siku: mtamu?

Nianze na afya, maana ndiyo inayogombewa. Punje ikilowekwa usiku kucha, ikachujwa, kisha ikasuuzwa asubuhi na jioni, siku ya pili hutoa kijimkia cheupe. Mmea mchanga unataka chakula, kwa hiyo vimeng'enya vilivyokuwa vimelala huamka na kuishambulia akiba: wanga huanza kuwa sukari, protini hukatwakatwa, foleti (mojawapo ya vitamini B) huongezeka, na asidi ya fitiki, ile inayong'ang'ania madini ya chuma na zinki yasifyonzwe mwilini, hupungua. Vitamini C nayo hujitokeza, ila tusiishangilie sana, kwani joto la tanuri huiteketeza kwa sehemu kubwa.

Wapinzani wana hoja, tena nzito. Asidi ya fitiki haipunguzwi kwa kuotesha tu. Donge la unga usiokobolewa likiachwa lichache taratibu kwa saa nyingi, uchachu wenyewe huifanya kazi hiyo, mara nyingi vizuri zaidi. Kuhusu sukari ya damu, upo utafiti wa Canada uliochapishwa 2012 ambamo mkate wa nafaka zilizooteshwa haukuipandisha sana kama mkate mweupe, lakini waliopimwa walikuwa wanaume wachache wenye uzito uliozidi, na walifuatiliwa kwa saa chache tu baada ya kula. Ushahidi huo ni mwembamba mno kubebeshwa mzigo wa kutibu kisukari. Na anayemwambia mgonjwa wa siliaki, yule ambaye utumbo wake huumizwa na gluteni, protini ya ngano, kwamba kuota kumeiondoa anamdhuru. Gluteni hudhoofika, haitoweki. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo, na mkate wa ngano haukaribii hapo, iwe imeota au haijaota.

Wapo pia wanaokimbilia Biblia, Ezekieli 4:9, penye mkate wa ngano, shayiri, kunde, dengu, mtama na kusemethi (aina ya ngano ya kale). Aya hiyo haitaji kuotesha hata kidogo. Isitoshe, ule ulikuwa mkate wa kuigiza njaa ya mji uliozingirwa, wa kupimwa shekeli 20 kwa siku. Sijui nani aliuona ukafaa kuwa tangazo la biashara.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito. Wasagaji huiogopa ngano iliyoota kama moto. Mvua ikinyesha ngano ikiwa imekomaa shambani, punje huanza kuota zikiwa bado kwenye masuke, na mzigo mzima unaweza kukataliwa kinuni ukaishia kuwa chakula cha mifugo. Kipimo wanachokitumia kina jina la Msweden Sven Hagberg. Gramu 7 za unga na mililita 25 za maji hutiwa kwenye bomba la kioo, bomba huzamishwa kwenye maji yanayochemka, uji hukorogwa, kisha mchi mdogo huachwa ushuke wenyewe. Sekunde zote, tangu mwanzo hadi mchi ufike chini, ndizo alama. Waokaji hutaka 250 kwenda juu, maana uji mzito unaonyesha kwamba wanga bado mzima. Ngano iliyoota sana hupata 62 hivi. Na ukumbuke kuwa sekunde 60 za kwanza ni za kukoroga tu! Yaani mchi ukiachiwa, sekunde mbili, umezama. Uji umekuwa maji.

Nimeitafakari sana hiyo 62. Kwa kiwanda ni kufeli mtihani. Kwa ulimi ni habari nyingine, maana ule wanga haukupotea hewani. Sehemu yake imegeuka kuwa maltosi, sukari ileile inayokipa kimea cha bia utamu wake. Tafuna punje kavu ya ngano: ni ngumu, ina vumbi la unga, na ganda lake linabaki kwenye meno. Kisha tafuna ya siku ya pili, yenye mkia mfupi: jino linapenya, maji meupe kama maziwa yanatoka, na utamu unafika kabla hujameza.

Mkate wa unga usiokobolewa haukukosa wahubiri. Watu wanazijua faida zake. Hawaupendi tu, kwa sababu pumba zina uchungu wake na slesi ya pili huwa kama adhabu. Mkate wa nafaka zilizooteshwa una pumba zilezile na kiini kilekile, lakini uchungu umefunikwa na utamu ambao hakuna aliyeutia kwa kijiko. Sukari hizo ndizo zinazolifanya ganda likolee rangi mapema tanurini, na harufu yake inakaribia ile ya karanga zilizokaangwa. Wanaopima faida kwa miligramu za zinki husahau kuhesabu slesi zinazobaki sahanini.

Adha zake nazijua. Mara ya kwanza niliiacha mikia irefuke, nikidhani kuota zaidi ndiyo faida zaidi. Donge lilinata kwenye mwiko kama gundi, na mkate ulipoiva kwa nje, kisu kilitoka na utando unaonata. Ni mzito, hauvimbi kama mweupe, na huota ukungu mapema. Ndiyo maana baadhi ya waokaji huongeza gluteni ya ziada ili usimame, na wengine huuza ukiwa umegandishwa. Aliyezoea mkate laini wa kubonyea anaweza asiupende kamwe, na hana kosa.

Kuhusu mikia, mwaka 2008 chama cha wanasayansi wa nafaka cha Marekani, AACC, kilikubali nafaka zilizoota zihesabiwe kuwa nafaka nzima mradi chipukizi lisizidi urefu wa punje na virutubisho viwe havijapungua. Kanuni hiyo haisemi mkate wenyewe uwe na nafaka hizo kwa kiasi gani. Konzi moja ikitupwa kwenye unga mweupe, jina tayari limeshaandikwa kwenye pakiti. Kwa hiyo geuza pakiti usome kiambato cha kwanza: kama ni unga uliokobolewa, rudisha. Ukiupata wa kweli, au ukiuoka mwenyewe, uache upoe kabisa kabla ya kukata. Kata slesi nyembamba uichome hadi kingo zianze kuwa nyeusi, upake siagi ikiwa bado moto. Jamu iache kabatini.