Ngazi ya Mauti kwenye Suruali ya Kaki

Shemeji yangu ni Mghana, Mwashanti wa Kumasi, na ana ugonjwa mmoja: ndugu wa mke akitua tu kutoka Dar, lazima apelekwe Ntonso. Chai hujamaliza, tayari umebanwa ndani ya trotro, ndiyo daladala yao, mnaitafuta hiyo Ntonso umbali wa kilomita 20 hivi.

Huko ndiko wanakopiga chapa vitambaa vya adinkra, zile alama za jadi za Waashanti. Muhuri wenyewe ni kipande cha kibuyu kilichochongwa kwa kisu, na mgongoni kimefungiwa vijiti vinavyokutana kuwa mpini. Wino unatokana na gome la mti uitwao badie. Linalowekwa, linatwangwa kwenye kinu, linachemshwa, linachujwa, linarudishwa tena jikoni mpaka liwe zito kama lami. Na kila alama ina methali yake, mzee wa karakana anazo zote kichwani. Gye Nyame, isipokuwa Mungu. Dwennimmen, pembe za kondoo dume. Kuna na mamba wawili wenye tumbo moja ambao bado wanagombea chakula (hapo niliwakumbuka ndugu zangu na kile kiwanja cha marehemu babu).

Mimi nilitaka zile pembe. Shemeji akanichagulia owuo atwedee, ngazi ya mauti. "Haipandwi na mtu mmoja," akasema, kwa furaha ambayo sikuielewa. Nguo za adinkra asili yake hasa ni msibani, kwa hiyo huwezi hata kulalamika.

Nikagonga kitambaani. Mzee akatikisa kichwa. Kibuyu kimebinuka, bwana, hakigongwi. Unakilaza ukingo mmoja, unakibembeza hadi ukingo wa pili. Nikabembeza. Ngazi ikatoka na mguu mmoja. Nikabembeza tena, vipandio vya katikati vikapotea. "Tia uzito!" mzee akanikemea. Mimi, mwenye kilo 90 na ushee, naambiwa nitie uzito!

Shemeji akaninyang'anya muhuri ili anionyeshe watu wanavyofanya. Akauchovya vizuri kwenye wino, mara simu yake ikaita. Mpini akauchomeka kwenye upenyo wa mbao za benchi, uso wa muhuri juu, akatoka nje kuongea. Mimi kiuno kinawaka kwa kuinama. Nikarudi kinyumenyume, nikakaa.

Nikahisi kitu kinanisukuma kwa chini. Nikajipinda kushoto, nikajipinda kulia, natafuta pa kutulia. Vijana wa karakana wakanyamaza wote kwa mpigo.

Mzee akaninyanyua, akanigeuza, akachuchumaa nyuma yangu akavaa miwani. Kisha akawaita wanafunzi wake waje waone. Ngazi nzima! Miguu yote miwili, vipandio vyote, kingo safi, hakuna hata tone lililotapakaa. Asubuhi nzima haikutoka chapa kama hiyo. Muhuri nao, mzima, haukupata hata ufa. Nikauliza kama wino unatoka kwa sabuni. Mzee akanijibu kwamba nguo hizi, kwa desturi, hazifuliwi.

Shati langu fupi. Na siku yenyewe Jumamosi, ambayo kwa Waashanti ni siku ya mazishi hasa. Trotro ya kurudi ikaja imejaa wafiwa, nyekundu na nyeusi watupu. Kuifikia siti ya nyuma ilibidi nijipenyeze nimeinama, nimewapa mgongo, na ngazi ya mauti ikapita mbele ya macho yao mmoja baada ya mwingine. Gari likatulia. Mama mmoja mtu mzima akanishika mkono. "Due, due," akanipa pole. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, kwa huruma kabisa, ni nani aliyetutoka.

Sijafungua mdomo, shemeji akadakia:

"Suruali, Mama."