Kusadikika ina haki ya kusomwa barazani

Nyumba namba 48 mtaa wa Doughty, London, alikaa mwandishi wa riwaya Charles Dickens tangu 1837 hadi 1839. Haikutimia miaka mitatu, lakini tangu 1925 ni makumbusho, na watu hulipa kiingilio. Mwandishi wetu Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akafanya kazi za serikali Tanga tangu 1946 hadi 1960, akazikwa Machui. Mgeni akishuka stendi leo, tutampeleka wapi?

Hata hivyo, ndugu zangu wa Tanga, nisingeanza na jengo. Jengo lataka paa, mlinzi na fedha za kila mwezi. Jambo la kuiga Uingereza ni rahisi zaidi: watu wapatao kumi huchagua riwaya moja kwa mwezi, maktaba ikawaazima nakala, wakakutana jioni moja kuijadili. Hakuna mwalimu wala maksi.

Kwetu mtu hukutana na Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, darasani. Hukariri kwamba Karama ni mwema na Majivuno mbaya, akaruka kesi. Na kesi ndiyo riwaya! Karama anashitakiwa kwa kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne, mbinguni na ardhini, wakarudi na mema wakafungwa. Kila mjumbe ni ushahidi. Ukimruka mmoja, utetezi unalegea. Na haya yaliandikwa na karani wa serikali ya kikoloni, yakachapwa London kwenyewe mwaka 1951. Ujasiri ule hauingii katika jibu la mtihani.

Basi isomeni kwa sauti, Ngamiani au Chumbageni, baada ya Isha. Jioni ya kwanza mashitaka peke yake, kisha mjumbe mmoja kila jioni. Hukumu ifuate habari za mjumbe wa sita. Nakala mbili tatu zatosha, maana anasoma mmoja. Asome mtu aliyezoea mashairi: sentensi za kitabu ni ndefu, na anayekimbia hukata pumzi katikati, wasikilizaji wakapotea. Kamusi iwe karibu. Na asiwepo wa kuhubiri, kwani hapo ndipo vijana huinuka wakaenda zao.

Mkimaliza, shikeni riwaya yake nyingine, Utubora Mkulima, iliyotoka 1968, miaka sita baada ya kifo cha Shaaban. Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini akarudi kijijini kulima. Hiyo tutaisoma na huku ughaibuni pia, maana inatuuliza sisi tulioondoka.