Jeshi la Kaisari Lilivyokamatwa Ghalani

Najua mmeshasikia. Jamaa yangu wa bodaboda, ambaye kuanzia leo simpandi tena, amerusha sauti kwenye makundi yote kuanzia Newala mpaka Mtwara mjini, eti nimenaswa ghalani na gunia la hirizi. Haya, nisikilizeni na mimi, halafu mtaendelea kucheka.

Kwanza, hazikuwa hirizi. Walikuwa askari wa Kaisari Ferdinand II.

Mnaonifuata siku zote mnaujua huu ugonjwa wangu wa vita vya mezani, yaani kucheza upya mapambano ya zamani kwa vijeshi vidogo na dadu. Wageni, kaeni mkao wa kula. Nilikuwa nacheza pambano la Lützen, huko Ujerumani, 16 Novemba 1632: Wasweden wa mfalme Gustavus Adolphus upande huu, jeshi la Kaisari, mtawala mkuu wa Ujerumani enzi hizo, chini ya jemadari wake Wallenstein upande ule. Wenzetu Ulaya wananunua vijeshi vya plastiki na vya madini ya risasi. Sisi tuna korosho. Kila upande ulikuwa na watu kama 19,000, nikapiga hesabu korosho moja isimame badala ya watu mia. Rangi ya kucha ya dada yangu ikaisha (naye wakati huo alikuwa hajui). Buluu na njano nikawapa Wasweden, maana brigedi zao ziliitwa hivyo kweli. Watu wa Kaisari walijitambulisha kwa mshipi mwekundu, basi nikatafuta uzi mwekundu wa cherehani, nikawafunga viunoni mmoja mmoja, fundo mbili mbili. Huo uzi muukumbuke.

Mfalme sikumpaka kitu. Siku ile alivaa koti la ngozi bila deraya (vazi la chuma la vita), kwa ajili ya jeraha la zamani la risasi, na rangi ya koti na ya ganda la korosho havipishani sana. Nikamtia kidoti cheupe shingoni, kola, basi.

Sheria zenyewe zinaenea ukurasa mmoja wa daftari. Askari wa miguu shibiri moja, farasi mbili, mzinga ukishapangwa hauondoki. Bunduki za utambi zilikuwa na kazi ndefu ya kushindilia, kwa hiyo ukifyatua zamu hii, ijayo unashindilia tu. Dadu ikija tano au sita, korosho moja ya adui inatoka. Farasi wakiivamia mikuki uso kwa uso wanaumia wao. Mkuki wa mita tano, farasi gani mwenye akili atakubali? Kikosi kikibaki nusu, unarusha dadu ya moyo: ikija moja au mbili, kinatimua mbio. Mtoto wa darasa la nne anacheza. Tatizo ni kumpata huyo mtoto, wote wanaitwa na mama zao wakiniona.

Sasa. Nililala nimewaacha kwenye ungo, pambano liko katikati. Mama akaamka alfajiri, umeme hakuna, ukungu wa Newala umeingia mpaka sebuleni, akapapasa mezani. "Kilo mbili za korosho zimelala tu hapa, na ghala limefunguliwa?" Akaukung'uta ungo wote guniani, akashona mdomo. Mimi nikalibeba gunia kwenye bodaboda huku napiga mluzi.

Ghalani foleni ndefu. Kila gunia linamwagwa kwenye turubai likaguliwe, maana wapo watu wanaochanganya mawe. Zamu yangu ikafika. Karani akamwaga, akachutama, akaanza kupitisha kiganja juu ya korosho, taratibu, kulia, kushoto, kulia. Kiganja kikasimama. Akaokota moja kwa vidole viwili. Akaipuliza vumbi. Akaigeuza. Uzi mwekundu, fundo mbili. Akaigeuza tena: ina masharubu.

Akaniangalia. Akaiangalia korosho. Akaniangalia.

"Kijana, hii ni nini?"

Jamani, majibu mazuri yalikuwepo. Ningesema ni mchezo wa watoto. Ningezimia. Mdomo wangu ukasema, "Huyo ni mpiga mkuki."

"Mpiga nini?" Mama mmoja nyuma yangu akavuta gunia lake hatua tatu. Wa nyuma yake naye akavuta. Kufumba na kufumbua nimebaki peke yangu kwenye turubai kama mgonjwa wa kipindupindu. Karani akachimba, akatoa wa buluu. Akatoa wa njano. Kisha akatoa mmoja aliyechanjwachanjwa uso mzima kwa wembe, akapiga kelele, "Huyu ana chale!"

"Hapana, huyo ni Pappenheim, jemadari wa Kaisari! Ni makovu ya vitani!"

"Pappenheim wa wapi?" akauliza babu mmoja aliyekaa juu ya gunia lake.

"Wa Ujerumani, babu."

Babu akasimama. "Wajerumani tena? Yale ya Majimaji hayakuwatosha?"

Hapo ndipo jamaa yangu alipotoa simu. Na kuna mzee mwingine kule nyuma nikamsikia kabisa anamwambia mwenzake, "Ndiyo maana kila mwaka kilo zangu zinapungua kwenye mzani." Mzee wangu, hayo ya mzani usinibebeshe mimi.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwenyekiti kaitwa, mama kaitwa, mama akasema yeye anazijua korosho tu, hao watu wengine hawajui. Nikakaa juani nikichambua jeshi zima mpaka adhuhuri. Gunia likapimwa, kilo mbili pungufu. Dada kaona picha, kaijua rangi yake.

Ila mfalme hajapatikana. Nimechambua, nimerudia, kidoti cheupe hakuna. Yule wa kweli alipotea hivyo hivyo kwenye ukungu, wakamkuta baadaye kati ya maiti, amevuliwa nguo. Koti lake likapelekwa Vienna, likarudi Sweden mwaka 1920. Wangu yuko ndani ya magunia yanayosubiri mnada, na korosho ghafi zetu nyingi zinaishia India na Vietnam. Mwenye ndugu kwenye kiwanda cha kubangua huko, mwambie: akimkuta mwenye kola nyeupe, asimbangue. Pambano halijaisha, na zamu ilikuwa yake.