Nyoka wa Kwenye Chogo

Nilipomaliza kidato cha 4 mjomba alinichukua kwenye kibanda chake cha ufundi, Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi na kufuata chai. Wiki ya tatu nikajiona fundi.

Siku hiyo mjomba kaenda mazikoni. Akaja bibi mmoja na TV yake ya chogo, inchi 21, inatoa sauti picha hamna. Nikaiwasha, nikasikiliza, nikazima.

"Umechomoa waya, mjukuu wangu?"

Nikamwonyesha plagi, kwa maringo. "Umeme utatokea wapi tena, bibi?"

Ungetokea kwenye tyubu, ile inayoonyesha picha. Lile dude ni chupa iliyopakwa weusi kama masizi ndani na nje, kioo kipo katikati. Likishashiba volti kama 25,000 huweza kukaa nazo hata baada ya kuchomoa. Mjomba alishaniambia. Alishaniambia pia: saa na pete vua, mkono mmoja kazini, wa pili mfukoni. Wangu wa pili ulishika fremu, na saa nilivaa kwa sababu ilikuwa mpya.

Nikapenyeza kidole chini ya kile kikofia cha mpira ubavuni mwa tyubu, pale volti zinapoingilia.

Paa! Mkono uliruka wenyewe, sikuutuma. Kiwiko kikaipata shingo ya tyubu, pale kwenye kioo chembamba. Kimya kidogo. Halafu: sssssss. Ndani ya tyubu hamna hewa, na sasa hewa yote ya Ngamiani ilikuwa inapigania ufa mmoja.

"Nyoka!"

Bibi, aliyeingia akilalamikia magoti, alikuwa tayari juu ya meza. Nikataka kumwambia si nyoka, ila ulimi ulikuwa mzito, kikatoka "nyo... nyo..." tu. Basi nikawa shahidi wake. Kinyozi wa jirani akaingia na panga, nyuma yake mteja kanyolewa upande mmoja.

Mjomba aliporudi hakuuliza kitu. Alichungulia shingo ya tyubu: lile doa linalong'aa kama fedha limegeuka jeupe kama maziwa, dalili kwamba hewa imeingia. "Umeiua," akasema, akaenda kunawa.

Ikabidi tumtafutie bibi TV nyingine, ya mtumba, kwa hela ya mfukoni mwangu. Akataka ifunguliwe mbele yake, yeye kasimama mlangoni. Mjomba akavua saa, mkono wa kushoto mfukoni. Waya akaufunga kwenye chuma cha bisibisi, ncha ya pili akaibana kwenye ule msuko wa nyaya unaokumbatia mgongo wa tyubu, kisha akaisukuma bisibisi taratibu chini ya kikofia.

Ta! Cheche ya buluu.

Akanywa chai yake polepole, akarudia, maana tyubu hujirudishia chaji kidogo kidogo.

Tik.

Bibi akashusha pumzi. "Kumbe walikuwa wawili."