Simu za Seng'enge

Kila nikisikia Theodore Vail akisifiwa kwamba ndiye aliyewafikishia Wamarekani simu, ulimi huniwasha. Ni kweli alirudi kuiongoza kampuni ya simu ya AT&T mwaka 1907, na mwaka uliofuata kampuni ikaanza kutangaza kaulimbiu yake: sera moja, mfumo mmoja, huduma kwa wote. Maneno matamu. Lakini wakati huo simu za Marekani zilikuwa kama milioni 6, na karibu nusu yake hazikuwa za Bell, yaani za kampuni hiyo na matawi yake. Zilikuwa za kampuni ndogondogo na za wakulima wenyewe.

Hataza za Bell, yaani haki zake za pekee za kutengeneza simu, ziliisha 1893 na 1894. Kabla ya hapo kampuni iling'ang'ania mijini, kwenye wafanyabiashara wenye fedha. Mkulima wa nyanda za magharibi alikuwa mbali mno, na nguzo ni gharama. Basi mkulima akatazama shambani kwake, akaona waya umeshatandazwa: seng'enge ya kuzuia ng'ombe. Akaagiza simu na betri kwa katalogi, akaunga. Penye lango, waya ulipandishwa juu ya milingoti ili mkokoteni upite. Umeme usivujie kwenye nguzo? Shingo ya chupa ilitosha. (Neno letu "simu" lenyewe lina asili ya Kiajemi, kwa maana ya waya. Wakulima wale wasingehitaji kufafanuliwa.)

Nyumba nyingi zilichangia laini moja, kila moja na mlio wake: mrefu mmoja na mifupi miwili ni kwa fulani, mifupi mitatu kwa jirani yake. Mlio ulisikika kote, kwa hiyo wote walinyanyua. Siri haikuwepo. Na kadiri wambea walivyozidi kutega sikio, ndivyo sauti ilivyofifia.

Mijini kero ilikuwa nyingine. Kampuni mbili hazikuunganishana, hivyo duka liliweka simu mbili ukutani. Sisi tuliotembea na laini tatu mfukoni tunaijua adha hiyo, na sitaidharau. Vail aliishika hoja hiyo barabara. Ila "wote" wake hawakuwa kila kaya. Alichotaka hasa ni simu zote ziunganike chini ya mfumo mmoja, na mfumo huo uwe wake.

Desemba 1913, kwa kuiogopa serikali, AT&T iliahidi kuwafungulia washindani laini zake za masafa marefu na kupunguza kuwanunua. Sheria ya 1921 ikairudishia mwanya wa kununua. Mwaka 1920, karibu asilimia 39 ya mashamba ya Marekani yalikuwa na simu. Kufikia 1940 yalibaki asilimia 25. Mdororo wa uchumi ulichangia sana, sibishi. Lakini hiyo "huduma kwa wote" ilikuwa wapi?

Mwaka 1949 ndipo Bunge la Marekani lilipopitisha mikopo ya serikali ya kupeleka simu vijijini, vyama vya ushirika vikiwemo. Kaulimbiu ilikuwa imetimiza miaka 41.