Kuitupa G: ubakhili au akili?

Mpwa wangu anaesoma kompyuta Tunguu kanijia juu, ati hawa wanaofanya hesabu kwa DNA, yaani kwa vipande vyake (nyuzi) vinavyoshikana na kubanduka badala ya kompyuta, wanajibana bure, wana herufi 4, A, C, G na T, halafu nyuzi zao nyingi wanaiacha G makusudi. Hesabu zake ziko sawa. Uzi wa herufi 20 ukitumia zote nne unapata mipangilio zaidi ya trilioni 1, itoe G unabaki na bilioni 3.5 hivi, yaani asilimia 99.7 imekwenda na maji.

Haya, hiyo trilioni ya nini? Watafiti Qian na Winfree mwaka 2011 waliunda saketi ya DNA ya kutafuta kipeuo cha pili, na nzima ilikula nyuzi kama 130. Mia na thalathini tu! Kwa hivo uchache sio tabu, tabu ni kufanana. Ita "Hamad Juma" pale sokoni Chake uone kama Juma Hamad nae hajageuka. Uzi wa DNA unatakiwa umshike mwenzake mmoja tu, sasa ukiwa na C na G humo humo unajikunja, unajishika wenyewe, na C na G wakishikana ni vifungo 3 vya haidrojeni wakati A na T wana 2, kuwabandua kazi. Na uzi uliojikunja hauleti kelele kukujulisha, unachelewesha tu, na hizi saketi hata zikienda vizuri jibu ni la kungoja masaa. Itoe G, basi C hana wa kumshika mle ndani, kabaki A na T, ambao hawana nguvu hizo.

Mpwa ana lake la kweli pia, G haipotei, inahamia uzi wa pili, yule mwenzake wa kushikana nae. Panga C 4 mfululizo huku, kule inatoka GGGG, na nyuzi hizo hupenda kufungana zenyewe kwa zenyewe. Halafu G akikosa C humshika hata T, kwa kulegea legea.

Ananambia Adleman, yule aliyeanzisha hesabu hizi za DNA, 1994 aliokota tu nyuzi za herufi 20 kwa kubahatisha na jibu akalipata. Alipata, ila swali lake lilikuwa kutafuta njia kwenye ramani ya vituo 7 tu! Mwaka 2002, yeye na wenzake walipoingia kwenye suala la vigeu 20 (kila kimoja ni ndio au hapana), la kupepeta majibu zaidi ya milioni 1, nyuzi zao zilikuwa A, C na T peke yake.

Siku hizi programu kama NUPACK inakukokotolea mjikunjo kabla hujaagiza uzi, kwa hivo G haitishi kama zamani. Mie bado ningeanza na tatu, G nikaitia pale tu uzi unapobanduka kabla ya wakati wake.