Tazama mlima, si mnyama

Ukipata nafasi ya kutazama Gertie the Dinosaur, katuni ya mwaka 1914, usimkazie macho Gertie, yule dinosaria, kwanza. Tazama mlima ulio nyuma yake. Hautulii. Mawe yanachezacheza, ukingo wa ziwa unatikisika, miti imesimama wima lakini mistari yake inahema. Upepo haupo, wala ardhi haitetemeki. Ni kwamba kila karatasi ilibeba kila kitu, mnyama pamoja na mandhari yake, kwa hiyo mlima ule ulichorwa upya maelfu ya mara. Winsor McCay, mchoraji wa magazeti huko New York, alimchora Gertie mwenyewe. Mawe, ziwa na miti vilinakiliwa na msaidizi wake kijana, John Fitzsimmons, karatasi baada ya karatasi, katika kazi inayokadiriwa kuwa na michoro 10,000. Mkono wa mtu, hata uwe mtulivu kiasi gani, hauwezi kupitisha mstari palepale mara zote hizo. Kutetemeka kule ndiko Fitzsimmons mwenyewe. Zaidi ya miaka 100 imepita na mkono wake bado tunauona.

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuzipenda katuni fupi za zamani, za rangi nyeusi na nyeupe. Wengi huziangalia kama tunda lililochumwa bado bichi, kana kwamba zilikuwa zinangoja rangi na sauti zije kuziivisha. Mimi naona zilikwisha kuiva. Zina kitu ambacho katuni zilizokuja baadaye zilijitahidi sana kukificha, nacho ni mkono wa aliyechora.

Chukua Fantasmagorie, ya Mfaransa Émile Cohl, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1908. Haifiki dakika 2. Cohl alikuwa na miaka 51, mtu wa makamo aliyekwisha kuishi kwa kalamu yake muda mrefu. Alichora takriban picha 700 kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, kisha filamu ikasafishwa kinyume, nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe ikawa nyeusi, ndiyo maana ukiitazama unadhani ni chaki ubaoni. Inaanza na mkono halisi, wa nyama na mifupa, ukichora kikaragosi. Kikaragosi kinapata uhai, na kuanzia hapo kila kitu kinageuka kuwa kingine bila kuomba ruhusa. Katikati ya vurugu zile kikaragosi kinaanguka na kuvunjika, na mikono ya mchoraji inarudi kukiunga tena. Napenda sana pale. Filamu inasimama kidogo, muumba anaingia kumtengeneza kiumbe wake, kisha mchezo unaendelea.

Ndugu Fleischer, Max na Dave, nao walifanya mkono kuwa sehemu ya hadithi. Koko, mchekeshaji wao wa kuchorwa wa miaka ya 1920, alitoka kwenye kichupa cha wino, akamsumbua mchoraji juu ya meza yake, na mwisho akarudi kichupani. Mwendo wake laini ulitokana na mashine aliyoibuni Max: Dave alivaa nguo za mchekeshaji akacheza mbele ya kamera, kisha picha zake zikamulikwa moja moja chini ya kioo, na mchoraji akapitisha kalamu juu yake. Kwa hiyo ndani ya Koko yumo mtu. Hata ukiwa hujui, mwili wako unahisi, maana uzito unahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine kama unavyohama kwetu.

Na kule Berlin alikuwako Lotte Reiniger, ambaye hakuchora kwa wino. Alikata. Mwaka 1922 alitengeneza Aschenputtel, hadithi ya binti wa kambo anayefanyishwa kazi jikoni, kwa vivuli vya karatasi nyeusi vyenye viungo vidogo, akivilaza juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini na kuvisogeza kidogo kidogo. Mwanzoni tunaona mkasi ukimkata binti yule kutoka kwenye karatasi. Sisi tuliokua na umeme wa kukatika tunaijua sanaa hii bila kufundishwa. Ukutani, kwa mwanga wa kibatari, vidole viwili vilitosha kuwa masikio ya sungura, na aliyejua kutengeneza mbwa anayebweka aliheshimiwa na watoto wa nyumba nzima. Reiniger aliichukua furaha ileile akaipa miaka ya kazi.

Mkono ulianza kujificha lini? Nadhani ni pale Earl Hurd, Mmarekani, alipoomba mwaka 1914, mwaka uleule wa Gertie, haki ya kumiliki mbinu ya kuchora wahusika juu ya karatasi angavu za seluloidi. Mandhari ikachorwa mara moja tu, ikawekwa chini, na wahusika wakapita juu yake. Mlima ukatulia. Siilaumu mbinu hiyo. McCay mwenyewe aliitumia miaka michache baadaye, na bila hiyo pasingekuwa na studio za kutoa katuni mpya kila baada ya wiki chache. Lakini kazi iligawanywa: huyu anachora mwendo, yule anajaza michoro ya katikati ya mwendo huo, na katika studio kubwa za miaka ya 1930 wanawake wengi wakakaa kwenye meza za kupitisha wino na rangi, majina yao yasionekane popote kwenye filamu. Kadiri mstari ulivyonyooka ndivyo aliyeuchora alivyotoweka.

Lipo jambo jingine la mkono, na siwezi kulipita kimya. Mwaka 1932 studio ya Fleischer ilitoa katuni yenye Louis Armstrong na bendi yake. Ndani yake mla watu wa porini anawakimbiza Koko na mbwa Bimbo. Kichwa chake kinaachana na mwili, kinaelea angani, na kinageuka kuwa kichwa cha Armstrong mwenyewe akiimba. Mpiga tarumbeta mkubwa kuliko wote wa wakati wake amewekwa pamoja na mla watu katika picha moja, kama vile ni kitu kimoja. Nilipoiona mara ya kwanza niliizima. Mimi ni Mwafrika, na huyo mla watu wa kuchorwa walikusudia kuwa mimi. Mstari uleule ninaousifu ndio uliotumika hapo, kwa ustadi uleule, na ustadi hausafishi dharau. Wanaosema tusitazame kwa macho ya leo wanasahau kwamba hata mwaka 1932 walikuwapo watu Weusi kwenye viti vya sinema.

Lakini katika studio hiyohiyo, mwaka huohuo, alipita Cab Calloway, mwimbaji Mweusi wa jazi. Katuni ya Minnie the Moocher inafunguliwa na picha halisi za Calloway akicheza mbele ya bendi yake, miguu ikiteleza kana kwamba sakafu imepakwa mafuta. Kisha tunaingia pangoni, na mzuka wenye umbo la mnyama wa baharini mwenye meno marefu kama pembe za ndovu unaimba kwa sauti yake na kucheza hatua zake zilezile, zilizopitishiwa kalamu picha kwa picha. Mwaka 1933, katika Snow-White, Koko naye akapewa sauti na miguu ya Calloway. Hapo mkono wa mchoraji ulilazimika kumfuata mtu Mweusi kwa makini, fremu baada ya fremu, na kumtii. Huwa nairudia sehemu hiyo polepole. Bega linatangulia, goti linafuata, kisigino kinateleza kurudi nyuma. Hayo hayakubuniwa na aliyeshika kalamu.

McCay alikuwa akimpeleka Gertie jukwaani, na yeye mwenyewe akisimama kando ya pazia la sinema na mjeledi mkononi. Alimwamuru ainue mguu, akamgombeza, na Gertie akalia kama mtoto. Alimrushia tunda la kadibodi, likapotea mkononi mwake, na lililochorwa likadakwa kwenye pazia. Mwisho McCay alitoka jukwaani akapita nyuma ya pazia, na papo hapo McCay wa wino akatokea kwenye picha. Gertie anainamisha kichwa na kumpandisha mgongoni. McCay anawainamia watazamaji, na Gertie anaondoka naye.